Mshale Hauijui Barabara

Mwanangu Hamza,

Najua umecheka ulipoliona neno hilo la kwanza. Cheka tu. Umenizidi miaka miwili, una ndevu kidevuni na leseni mfukoni, na anayekuita mwanangu ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne, bado anasubiri matokeo. Lakini mama yako ni dada yangu wa tumbo moja, na kwetu hapa Chiungutwa jambo hilo halina mjadala: mtoto wa dada yako ni mtoto wako. Wewe mwenyewe umelitumia miaka yote kunitania. Ukiniona napita pale kijiweni na ndoo kichwani, unasimama, unavua kofia, unapaza sauti: "Shikamoo mama mdogo!" Wenzako wa bodaboda wanaanguka kwa kicheko, nami naitika marahaba kwa sauti ambayo hata ndoo haiisikii, naongeza mwendo. Leo nataka kuitika sawasawa.

Jana mama yako alipiga simu kutoka Tunduru. Hawezi kuja kukuaga, mdogo wako ana homa. Akasema, "Somoe, muage mwanao. Mwambie maneno ambayo ningemwambia mimi." Nikasema nitakuambia. Lakini najijua. Kesho ukisimama mlangoni na begi lako, ulimi utaganda, nitasema safari njema, halafu nitaingia jikoni kana kwamba nimeunguza kitu. Ndiyo maana nimekaa ukumbini na karatasi hizi wakati jua bado lipo, kabla hujarudi kutoka Masasi.

Sitakuandikia habari za kula, kufua wala kuswali. Bibi yako amekusemea hayo tangu juzi mpaka umeyakariri. Nataka kukuandikia habari za mshale wa spidi wa lile gari la mjomba wako. Unahamia Newala nalo, na kuanzia kesho kutwa utakuwa unaushuka ule mteremko mkali wa huko na abiria, watoto wa watu, nyuma yako, kila siku.

Unakumbuka siku ile kule shambani Mnyambe, kabla sijafanya mitihani. Mjomba wako, kaka Bakari, alikuwa amelivalisha gari matairi makubwa ili tumbo lisiburuze kwenye njia za mashambani. Kila mwenye gari huku hufanya hivyo korosho zikianza kuanguka, hakuna anayeuliza. Tulikuwa tumepakia magunia, wewe ukiwa usukani, na tulipofika pale penye mchanga mwekundu mwingi gari likaanza kulia. Matairi ya nyuma yakazunguka, mchanga ukaruka, na mshale ukapanda arobaini, hamsini, ukafika sitini. Wakati huohuo yule bibi mwenye kapu la mihogo kichwani akatupita kwa miguu. Akageuka akakutazama dirishani.

"Unakimbia ngapi, mwanangu?"

"Sitini, bibi," ukamjibu, kwa sababu huwezi kunyamaza.

"Sitini ya wapi hiyo, mbona mimi nimekupita?"

Tulicheka mpaka tukashindwa kusukuma. Na kicheko kile ndicho kilichotupoteza. Tangu siku hiyo kila mtu nyumbani akajua kwamba mshale ule ni mwongo. Fundi Chitanda, anayetengeneza umeme wa magari pale chini ya bati kando ya barabara, akaombwa abadilishe sensa. Akabadilisha. Mkaenda kuijaribu, na mkaenda kuijaribu wapi? Mnyambe, mchangani kulekule, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na magunia. Mshale ukaruka tena. Ukarudi ukisema umerogwa, ukachukua kile kibandiko cha timu yako ukakibandika juu ya kioo chake usiuone kabisa. Mjomba wako akakuunga mkono. "Mimi naendesha kwa masikio," alisema. "Injini inaniambia yote."

Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nachambua mchicha. Nilijua mmekosea. Shuleni tulikuwa tumepima gurudumu la baiskeli, tukazidisha mzingo wake kwa mizunguko yake, tukapata umbali. Nilijua kwamba gari la siku hizi halina waya unaozunguka mpaka kwenye dashibodi kama pikipiki kuukuu ya babu. Lina sensa kwenye gia boksi, inatuma mapigo ya umeme kila shafti ya magurudumu inapozunguka, na kompyuta inahesabu mapigo hayo na kuusogeza mshale. Maana yake mshale hauijui barabara, unalijua gurudumu tu. Gurudumu likizunguka bure mchangani, mshale unasema kweli kuhusu gurudumu, ila gari ndilo halijaenda. Yote hayo yalikuwa kichwani mwangu, na mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Wanaume wawili walikuwa wanazungumza habari za gari. Nikaendelea na mchicha.

Nilipomaliza mitihani ndipo nilipokuambia. Nilikuambia wewe peke yako, nyuma ya nyumba, huku nikitazama kuku. Ulinisikiliza, na hilo silisahau. Ukasema, "Haya mama mdogo, twende kwa Fundi ukamfundishe kazi." Nikataka kurudi ndani, ukanishika mkono.

Fundi Chitanda hakucheka. Aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, akainua yale ya nyuma yote mawili kwa jeki, akayakalisha juu ya vigingi vya chuma. Akafungua swichi, tukatazama kama mshale unaamka na taa zake zinawaka. Ukawasha injini, ukatia gia taratibu. Magurudumu yakazunguka hewani na mshale ukapanda polepole bila kuruka wala kutetemeka. Ulipopunguza, ukashuka nao polepole. Fundi akachomeka mita yake ya umeme kwenye waya wa sensa, akanionyesha jinsi mapigo yanavyokuja. "Yanakuja vizuri," akasema. "Si sensa. Wala ile ya kwanza haikuwa mbovu."

Nikafurahi mno, Hamza. Nikasema kwa sauti, mbele ya Fundi na wateja wake, maneno ambayo nimeyarudia kichwani mara nyingi tangu siku hiyo: "Mshale ni mzima. Uamini."

Ukabandua kibandiko. Ukauamini. Na wiki haikuisha ukasimamishwa na trafiki kwenye kile kijiji chenye kibao cha hamsini. Ulinisimulia mwenyewe, umesimama hapa ukumbini umeshika kiuno.

"Nikamwambia, afande, mshale wangu ulikuwa hamsini. Akanionyesha tochi yake ya kupimia mwendo, hamsini na tano. Nikamwambia, afande, mshale umepimwa. Akaniuliza, umepimwa na nani? Nikamwambia, na mama yangu mdogo."

"Akasemaje?"

"Akasema nimsalimie sana. Halafu akaniandikia faini."

Bibi yako alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Wewe hukucheka. Ukatoka, ukakibandika tena kibandiko, na kwa siku kadhaa ulinipita pale kijiweni bila shikamoo. Sikudhani kama ningeitamani shikamoo ile.

Sasa hapa ndipo maneno ya mama yanapoanza, kama yapo. Siku ile kwa Fundi sikusema uongo. Sensa ilikuwa nzima, waya ulikuwa mzima, mshale ulikuwa mzima. Nilichopima nilikipima vizuri, halafu nikakitangaza kana kwamba nimepima kila kitu. Mtu aliyenyamaza muda mrefu, akipata nafasi ya kusema, husema zaidi ya anachokijua. Mimi ndivyo nilivyo, nimejiona. Wewe una tatizo la upande wa pili: ukiona kitu kimekudanganya mara moja, unakibandika kibandiko na kuendelea na safari. Sijui lipi baya zaidi. Nadhani kwenye mteremko wa Newala ni la kwako.

Nililipata kosa nikiwa nafagia uwanja. Gari lilikuwa limeegeshwa na mlango wa dereva uko wazi. Kwenye nguzo ya mlango kuna karatasi ndogo ya kiwandani inayotaja ukubwa wa tairi. Nikainama nikasoma namba zilizo kwenye tairi lenyewe. Hazikufanana. Nikatupa fagio, nikaja kukuita, nawe ukaja umenuna. Tukapiga alama ya chaki kwenye tairi na alama nyingine chini, tukalisukuma gari mpaka alama ya tairi ikagusa ardhi tena, tukapima kwa futi ya cherehani ya bibi yako. Kila mzunguko mmoja, tairi kubwa lilikuwa linakupeleka mbele zaidi ya lile ambalo gari lilitengenezewa. Kompyuta haina habari. Inahesabu mizunguko ikidhani miguu ni ileile ya zamani.

Tukaazima simu ya Fundi, ile yenye programu ya kupima mwendo kwa setilaiti, tukaenda kwenye lami iliyonyooka. Ulishika usukani, mimi nikashika simu. Ulipotuliza mshale kwenye hamsini, simu ilisoma hamsini na tano. Kwenye themanini, themanini na nane. Kadiri unavyokimbia ndivyo mshale unavyokuficha zaidi. Ndipo ukaniambia neno ambalo sikulipenda hata kidogo.

"Basi nimeelewa. Nitaongeza kichwani."

Nikasema matairi yarudi yale ya zamani. Ukacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya tochi. "Kamwambie mjomba, basi," ukasema. Ulijua unachokisema. Sijawahi kumwomba kaka Bakari hata kalamu.

Leo asubuhi, ulipoondoka kwenda Masasi, nilikwenda kumwambia.

Nilimkuta barazani kwake na rafiki yake, wanakunywa kahawa. Nikapiga goti.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mama anaumwa?" Akaanza kuinuka, maana hajawahi kuniona pale peke yangu.

"Hapana, mama ni mzima."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Basi si ugonjwa wala njaa. Sema."

Niliyatazama makubazi yake. Nikasema, nikiyaambia makubazi, "Naomba gari lirudishiwe matairi yake ya zamani kabla Hamza hajaondoka nalo."

Rafiki yake akapiga kofi gotini. "Bakari! Umepata utingo wa kike!"

Kaka hakucheka. "Korosho bado zinaanguka, Somoe. Mnyambe nitaingiaje na matairi madogo? Nitaruka?"

"Gari liishie barabarani."

"Na magunia yatatoka shambani kwa miguu yake?"

"Nitayatoa mimi, kwa baiskeli."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo, Hamza. Nilipanga kueleza habari za mzingo na mapigo ya umeme, nilikuwa nimeyapanga maneno tangu njiani. Lakini nilipomsikia akisema magunia nilielewa kwamba kaka haijali hesabu kwa sababu hesabu haimbebei gunia hata moja. Lazima mtu alibebe.

"Wewe?" akasema. "Kwenye mchanga ule?"

"Mimi. Mpaka msimu uishe."

"Na ukichoka?"

"Nitapumzika, halafu nitaendelea."

Kaka akakiweka chini kikombe chake. "Hamza si amesema ataongeza kichwani?"

Hapo ndipo niliponyanyua uso. "Kaka, wewe umeushuka ule mteremko. Breki zimeanza kunuka, mtoto anatapika nyuma, abiria anasema nishushe hapa hapa, na simu ya Hamza inaita. Hiyo hesabu ataifanya kwa kichwa kipi?"

Kaka aliinuka. Kisha akaingia ndani, akatoka na funguo. "Panda."

Tulipita kwa Fundi kuchukua simu, na Fundi mwenyewe akapanda kiti cha nyuma. Kwenye lami kaka akasema, "Soma kwa sauti." Nikasoma. Aliposema mshale uko sitini, nikasema sitini na sita. Aliposema themanini, nikasema themanini na nane. Akasema niseme tena, nikasema tena, kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza. Akaondoa mguu kwenye mafuta, gari likapunguza lenyewe. Akasema kitu kimoja tu, tena si kwangu, ni kama alikuwa anaongea na kioo cha mbele: "Na mimi nimekuwa nikishuka na hili gari."

Hakugeuza kurudi nyumbani. Aliendelea mpaka Lisekese, kwa yule bwana aliyechukua matairi yetu ya zamani. Yalikuwa stoo, mazima, hajayafunga. Kumbe naye ana shamba la korosho na alikuwa anatafuta makubwa. Wakabadilishana pale pale uwanjani, Fundi akayafunga huku mwenyeji wetu akimwambia kaka amepata bahati, na kaka akimjibu kwamba asubiri kidogo, atajua bahati ni ya nani. Mimi nikamweleza yule bwana habari ya mshale. Nilimweleza yote, bila kutazama kuku wala makubazi. Alisema ameelewa, atapima kwanza kabla ya kubeba watu. Natumaini atapima kweli.

Tulipima tena wakati wa kurudi. Mshale hamsini, simu arobaini na nane. Nikaanza kuogopa, nikadhani nimekosea tena, lakini Fundi akasema gari likiwa zima ndivyo linavyotakiwa: mshale uzidishe kidogo, usipunguze kamwe.

Kwa hiyo ukirudi jioni hii utalikuta gari limeshuka kidogo. Usishangae. Kibandiko nimekibandua mimi mwenyewe, nimekiweka ndani ya begi lako, kibandike mahali pengine.

Kaka Bakari hakunisifu, hata hivyo. Tulipofika hapa mlangoni alizima injini akaniuliza, "Baiskeli unaanza lini?" Nikamwambia kesho. Akasema, "Vizuri," akaondoka kwa miguu.

Sasa nisikilize, mwanangu, kwa sababu sitaweza kuyasema haya mdomoni. Nilidhani aibu yangu ni yangu mwenyewe, kwamba inanichoma mimi na haimgusi mtu mwingine. Si kweli. Nilipokaa kimya na mchicha wangu, sensa nzima ilitolewa na kutupwa, nawe ukaanza kuendesha umefumba jicho moja. Nilipofungua mdomo nikasema zaidi ya nilichopima, ukaandikiwa na trafiki. Mara zote mbili aliyekuwa usukani ni wewe. Nimeamua jambo hilo lisitokee mara ya tatu, na kwa sababu hiyo sitakuambia tena "uamini."

Nakuambia upime. Kesho, kabla hujapakia mtu yeyote, nenda na Fundi kwenye lami iliyonyooka, pasipo mlima, yeye ashike simu na wewe utulize mwendo mpaka namba ziache kurukaruka. Usipime mchangani, mchangani hakuna ukweli. Ukikuta nimekosea, rudi uniambie mbele ya wenzako wote kijiweni, sitakimbia. Na huko Newala atakuja mtu, nina hakika atakuja, rafiki mzuri tu, akuambie gari lako liko chini sana, anayo matairi makubwa, kila mtu anayafunga. Hatakuwa anakudanganya. Atakuwa anakusaidia kama anavyosaidiwa yeye. Siku hiyo hutakuwa na mjomba karibu wala mimi, na abiria watakuwa wanaona tu kwamba gari linapita penye mashimo bila kugonga. Utaamua peke yako. Nimekuandikia kurasa zote hizi kwa ajili ya siku hiyo moja.

Mama yako akikuuliza kama nimekuaga, mwambie nimekuaga. Kesho asubuhi usinitafute mlangoni, maana na mimi nitakuwa nimeshaondoka. Nitakaa kibandani kwenye shamba la bibi yako kule Mnyambe mpaka korosho ziishe. Kaka amesema utapita huko kila jioni ya siku ya soko kuchukua mzigo, na mzigo utaukuta umesimamishwa kando ya barabara, nami nitakuwa pembeni yake na mchanga mpaka magotini.

Ukifika, pakia, hesabu magunia, ondoka kabla giza halijaingia. Usinionee huruma, wala usiniambie kwamba kwa matairi makubwa ingekuwa rahisi zaidi. Najua ingekuwa rahisi.

Mimi mama yako,
Somoe